Vayolini za Kabatini

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni Singida, parokia yetu nayo ililetewa na wafadhili vayolini kumi na mbili kutoka ng'ambo. Zilikuwa za kuanzishia bendi ya watoto tuliokatishwa shule tukauze karanga stendi. Mimi nilikuwa yatima wa miaka kumi na mitatu, nikilelewa na bibi huko Unyambwa.

Mwezi wa kwanza tulijifunza kila Jumamosi kwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Kisha uzi mmoja ukakatika, na mwalimu akazifungia zote kabatini.

"Shikamoo, mwalimu. Leo tutapiga?" nilikuwa namuuliza.

"Marahaba. Hapana, mtaziharibu. Wafadhili wakija wazikute nzima."

Basi tukawa tunafanya mazoezi kwa mabua ya mtama, tukisugua bua juu ya bua bila sauti. Bibi alinicheka hadi akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Wafadhili walipokuja, tulikabidhiwa vayolini asubuhi ileile. Wimbo ulitoka kama mbuzi wanaochinjwa, lakini walipiga makofi. Mama mmoja mgeni akaniuliza, kwa Kiswahili cha kuungaunga, kama napenda kupiga.

"Sijui, mama," nilijibu. "Tunazishika mkija ninyi tu."

Mwalimu alitazama chini. Jumamosi iliyofuata kabati lilikuwa wazi, na jina langu lilikuwa limefutwa kwenye orodha. Nilisimama nje ya dirisha nikiwasikiliza wenzangu. Nilikasirika, maana walikuwa wameanza kujua kupiga.