Meza ya Watu Sita

Meza yangu ya sebuleni niliikuta Mlali, nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza mboga, inakatiwa mchicha. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumchukua mama yangu mzazi aje kuishi nami mjini, Mafiga. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma, na mama alinizungusha miezi kadhaa kabla ya kukubali. Tukapita kumuaga huyo muuza mboga, rafiki yake wa tangu usichana. Wao wanaagana, mimi macho yangu yapo kwenye miguu ya meza.

Ilikuwa miguu minene ya kukerezwa, ya mninga, na juu ubao mpana wenye unene wa ngumi. Muuza mboga alisema babu yake aliipata shamba la katani lilipofungwa, ikitoka kwenye nyumba ya bwana mkubwa. Nikamuuliza kama tunaweza kubadilishana, nimletee meza mpya.

Akamgeukia mama. "Huyu mtoto wako mzima?"

"Mzima," mama akasema. "Amesoma tu."

Mimi si mtu wa kupenda vitu ovyo. Nafundisha chuoni Mzumbe, naongea kutwa, nikirudi nyumbani nataka kimya na nafasi ya kupita bila kugonga ugoko. Kwa miaka mingi katikati ya makochi yangu hapakuwa na kitu, kwa sababu meza za madukani zilinichefua: vioo, miguu ya dhahabu ya uongo, maua ya kubandika. Meza ya katikati, kwa maoni yangu, isizidi kimo cha kiti cha kochi, iache nafasi ya goti, na iwe imekwisha kuishi kabla yako. Masharti yote matatu sikuwahi kuyakuta mahali pamoja mpaka siku ile pale kwenye mchicha.

Ilibebwa na watu sita hadi kwenye pikapu. Majirani tu, waliacha walichokuwa wakifanya wakaja. Mafiga nako ilishushwa na watu sita, ila hao niliwakodi kituoni. Mama alisimama mlangoni na furushi lake akiwahesabu kwa kidole. Walipoondoka akakaa kwenye kochi, akaitazama meza.

"Nzuri," akasema. "Siku ya kuitoa utawaita akina nani?"

"Kuitoa kwenda wapi, mama? Meza haitoki hii."

"Msiba ukiingia."

Kwetu msiba ukiingia sebule hutolewa vyombo vyote, mikeka ikatandikwa, wanawake wakakaa chini na mfiwa. Cha kwanza kutoka ni meza ya katikati. Hilo najua. Nilichukia kuambiwa siku ya kwanza, kabla hata chai haijachemka, tena na mtu ambaye ndiye pekee niliyebaki naye.

Mama hakuwa anaogopa kufa. Alichoogopa alikisema waziwazi jioni ileile: kwamba akifa ataniacha na meza yangu, tukae tunatazamana. Maana mimi nilikuwa mtu wa bahasha. Jirani akifiwa natuma bahasha na udhuru, mitihani ya kusahihisha haiishi. Sura zao nilizijua, misiba yao sikukaa. "Mtu ni watu," mama alisema. "Meza inataka sita. Wewe hata wawili huna." Nikamwambia ale, ugali unapoa.

Mguu mmoja wa meza ulikuwa unacheza, nikamwita fundi seremala wa mtaa wa pili. Mzee, Mnyamwezi wa Tabora. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwona mama na kujua ni Mluguru. Basi tena. Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Nyumba ilijaa kelele.

"Mninga huu wa kwetu," akasema akiupigapiga. "Wezi wakubwa nyie, mmeushusha mlimani lini?"

"Babu yako aliutua hapa alipochoka kubeba mizigo ya watu," mama akamjibu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu baba afariki.

Mguu aliutengeneza vizuri. Ugomvi ukaja juu ya ubao. Alitaka kuupiga msasa mpaka alama zote za kisu ziishe, kisha vanishi, "mpaka mwalimu ujione meno." Nikamwambia akigusa ule ubao tutagombana. Nataka nta tu, na kitambaa cha kusugulia.

"Meza ya mwalimu wa chuo ina makovu kama gogo la bucha!" akasema. "Haya. Wewe ndiye utakayeulizwa."

Nikapaka nta mwenyewe, jioni tatu mfululizo. Juu yake nikaweka bakuli moja la udongo na kitabu kimoja. Meza ya namna hiyo ukiirundikia vitu unaitukana. Asubuhi nikakuta kitambaa cheupe cha kufuma, alichofuma mama mwenyewe, kimeifunika yote, na juu ya kitambaa chupa ya chai, rimoti na maua ya plastiki. Nikakikunja. Kesho yake kimerudi. Tuliishi hivyo wiki mbili, hadi tukaafikiana: siku za kazi meza yangu, Jumapili yake.

Jumapili zake zikawa na watu. Mama alikuwa hakosi msiba hata mmoja mtaani. Anasikia kilio, anachukua mkeka wake na khanga, anaondoka, hata kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Wale waliokaa naye chini wakaja kumsalimu, wakinywa chai kwenye meza yangu, unyevu wa vikombe ukipenya kitambaa na kuacha miduara ya maji kwenye mninga. Fundi naye alikuja kumtukana na kula mihogo. Nilinuna sana. Nilisugua ile miduara kwa nta kila Jumatatu na haikutoka.

"Usiisugue hiyo," mama aliniambia siku moja. "Ndiyo watu wako hao."

Nikaendelea kusugua.

Alikaa nami miaka miwili na kidogo. Alifariki asubuhi, kitandani kwake, chai niliyompelekea ikiwa bado ya moto. Nilikaa pale pembeni yake. Kisha nikapiga kelele, jambo ambalo sikujua naliweza.

Sikumpigia mtu simu. Nilipotoka chumbani sebule ilikuwa imeshaingia watu. Mwanamke wa nyumba ya nyuma alikuwa ananikunjia zulia, mwingine anashusha mapazia, wanaume wanatoa makochi. Hakuna aliyeniuliza chochote. Kitambaa cha mama alikuwa amekikunja mtu na kukiweka juu ya kabati. Wakaifuata meza, na hapo ndipo walipokwama, kwa sababu fundi alikuwa amekaa juu yake, amekunja nne, analia machozi wazi.

"Haitoki," akasema. "Mninga wa Wanyamwezi huu. Mluguru kafa na deni la matusi yangu yote. Haitoki mpaka nipewe jogoo."

Watu wakanitazama. Mtani hudai hivyo msibani, na mfiwa humjibu kwa tusi. Nikamwambia jogoo atampata, na kwamba hata jogoo mwenyewe ana akili kumzidi. Ndivyo mama angesema. Fundi akacheka huku analia, nami nikacheka, na kucheka kukanifungua kilio ambacho nilikuwa nimekishikilia tangu siku ya baba.

Wakainyanyua naye akiwa juu. Nikahesabu kwa kidole. Walikuwa kumi na mmoja, na mmoja amekaa.

Meza ilikaa barazani siku zote za msiba, imebeba chupa za chai, masufuria na daftari la waliofika. Tulipomzika Mlali na kurudi, na mikeka ikakunjwa, waliirudisha ndani walewale. Ubao ulikuwa umejaa miduara, hata nafasi ya kuhesabu haikuwepo. Fundi akauliza kama sasa nitakubali msasa. Nikamwambia asithubutu.

Mwezi haukuisha, nikasikia kilio nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilikuwa na mitihani mezani, juu ya kitambaa cha mama, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Nikachukua mkeka wake. Nilipofika, wanawake watatu walikuwa wanatoa meza ya katikati, ya kioo, nyepesi, yenye miguu ya dhahabu ya uongo.

"Mwalimu, acha tu, tunatosha," mmoja akaniambia.

"Sogea kidogo," nikasema, "nami nipate pa kushika."