Nilivyoziba matundu ya headphone kwa selotepu, nusura nitupe sauti ya Mama Yunia

Wakuu, nawasalimu kutoka Rusimbi. Haya ni ya kweli. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa makamo, nina digrii ya historia, na mtaani naitwa mtaalamu wa sauti. Sababu ni moja tu: nina headphone kubwa kuliko za wengine.

Ni open-back. Yaani nyuma ya spika hakuna ukuta, kuna wavu wenye matundu. Nilizinunua mtumba bila kujua kazi ya matundu hayo. Nilichokijua ni vumbi jekundu la huku. Nyumbani rimoti imevalishwa nailoni, kochi bado lina plastiki ya dukani. Basi nikayaziba matundu yote kwa selotepu, tabaka mbili, nikajipongeza.

Nikasikiliza hivyo mwaka mzima.

Mwezi uliopita akaja Mwalimu Ezekieli, anayefundisha kwaya kule kijijini Mwamgongo. Alileta flashi yenye wimbo waliorekodi kanisani kwao. Anayeongoza ni Mama Yunia, ambaye alikuwa amelazwa hapa mjini, kesho yake apasuliwe goita shingoni. Daktari alishamwambia sauti huenda isirudi kama ilivyokuwa.

"Mzee, sikiliza uniambie kama wimbo unafaa," alisema. "Saa kumi naenda wodini, anasubiri jibu."

Nikasikiliza. Kwaya nzima ilikuwa kama imeingia kwenye pipa, ikafunikwa. Nikakunja uso kitaalamu.

"Umebanwa. Rekodini upya, mtafute mwingine wa kuongoza."

Akatazama saa. "Sasa hilo namwambiaje mtu anayepasuliwa kesho?"

Mke wangu, Mama Jeni, alikuwa kwenye kochi. Akazichukua headphone, akazigeuza.

"Baba Jeni, selotepu ya nini hii?"

"Ya vumbi."

"Na wewe ndiye unayenicheka kwa rimoti." Akaanza kubandua kwa kucha.

"Utaziharibu."

"Si umesema wimbo umebanwa? Acha niziharibu."

Nikazivaa tena. Wimbo ule ule.

Wakuu, pipa halikuwepo. Bati la kanisa lilikuwa juu, mahali pa bati. Besi walikuwa kushoto, nyuma kidogo. Mama Yunia alisimama mbele yangu kama hatua tatu, na mgongoni mwake kulikuwa na hewa. Kila mwisho wa ubeti sauti yake ilikwenda mpaka ukuta wa mbali, ikarudi polepole. Nilivua, nikavaa, mara nne.

Baadaye nilisoma ili nielewe. Spika husukuma sauti mbele na nyuma. Ile ya nyuma ikikuta ukuta inadunda, inarudi sikioni imechelewa kidogo sana na kuchanganyika na ya mbele. Ubongo unasikia chumba kidogo, nacho ni kile kikombe kilichofunika sikio. Ukifungua nyuma, sauti hiyo inaondoka, na sauti za nje zinaingia kidogo, hivyo sikio halijioni limefungiwa. Headphone haiongezi ukubwa. Inaacha tu kuuficha ule uliorekodiwa.

Tuwe wakweli: closed-back, yaani yenye nyuma iliyofungwa, ikiundwa vizuri hupigiwa hesabu za kupunguza huko kudunda. Yangu ilipigiwa selotepu.

"Kwa hiyo nimwambie nini?" akauliza Mwalimu.

"Mwambie wimbo usiguswe."

"Twende, utamwambia mwenyewe."

Wodini tulimvalisha Mama Yunia headphone juu ya kilemba. Open-back huvujisha sauti, kwa hiyo vitanda vya jirani navyo vikasikia. Nesi alikuja kutuambia tupunguze, akabaki amesimama.

Wimbo ulipoisha, Mama Yunia hakuzivua. Alisema taratibu, "Mimi nasimamaga mbele, sijawahi kutusikia. Kumbe tunalijaza kanisa lote."

Nikauanzisha wimbo tena.

Alipasuliwa salama. Kuongea anaongea, kwa sauti ya chini. Kuimba bado hajajaribu. Wimbo umetoka kama ulivyo.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mtu kazi yake haifai, kagua ulichovaa masikioni. Na kwenye kelele za jenereta bado natumia closed-back, sina ugomvi nazo.

Wenye uzoefu nisahihisheni. Na kama kuna mwingine aliyewahi kuziba yale matundu, ajitokeze nisiwe peke yangu.