Wote Wanakula Hapa

Mume wangu alimvunja kaka yake mkono kwa mpini wa jembe, asubuhi kweupe, mbele ya watoto wa huyo kaka, kwa sababu benki ilikuwa imekataa kuuchukua mkopo wetu. Nasikia watu wakisema soko huria lilituletea sukari madukani na mitumba ya kila rangi. Ni kweli, lilileta. Mimi nikiikumbuka miaka ile nasikia kwanza mlio wa mfupa.

Tulikuwa na nyumba Butimba, imebanwa kati ya mawe mawili makubwa, na ukuta wa nyuma hatukuwahi kuupaka rangi kwa kuwa hakuna aliyeuona. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Mume wangu alikuwa na lori, alilolinunua kwa mkopo wa benki ya serikali baada ya kuiweka hati ya nyumba rehani. Mwanzoni alibeba sangara kutoka mialoni, wanakoshushia samaki wavuvi, hadi viwanda vya minofu, akalipa bila shida. Kisha viwanda vikaleta magari yao wenyewe yenye barafu. Benki nayo ikabadilishwa, ikapandisha riba, ikaanza kudai kwa ukali ambao hatukuuzoea. Lori likawa linashinda uani, na kuku wakataga chini yake.

Hapo ndipo mume wangu alipoanza kupiga vitu. Alipiga milango, akapiga redio ikanyamaza moja kwa moja, akampiga teke mbwa wa jirani mpaka tukaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Siku moja alinizaba kofi. Mimi ni mtu wa Ukerewe, kwetu wanawake wanavuta makokoro, nyavu nzito za ziwani, na sikuzaliwa kupigwa nikanyamaza. Nilichukua mchi nikamtwanga begani, akashindwa kuunyanyua mkono kwa siku kadhaa. Hakurudia tena kwangu, lakini hasira yake haikwisha.

Tumaini letu likaja kwa sura ya benki mpya, ya watu binafsi, iliyofungua tawi mjini. Ingelilipa lile deni la benki ya zamani, ingeikamata yenyewe hati ya nyumba, na sisi tungepewa miaka mingi zaidi ya kulipa, kidogo kidogo. Bila hivyo nyumba ingepigwa mnada. Sharti lilikuwa moja: afisa wao aje nyumbani aone uwezo wetu wa kulipa.

Neno hilo, uwezo, kila mmoja alilielewa kwa namna yake. Mume wangu alikuwa Msukuma wa Kwimba, na kwao uwezo wa mtu ni watu. Mahari hulipwa na ukoo, faini hulipwa na ukoo. Anayekwenda peke yake kwenye kikao cha deni huonekana fukara, hata kama zizi lake limejaa. Basi akatuma ujumbe kwao: njooni, benki inakuja kunitazama.

Walikuja. Kaka yake mkubwa alishuka na mke wake, watoto wao na mbuzi. Shangazi wawili walikuja, na binamu waliokuwa wakisoma na kutafuta kazi mjini wakajikusanya pia, wote wamevaa nguo za Krismasi. Yule kaka alikuwa pande la mtu, mpole, mwenye mikono ya kusimamisha ng'ombe dume. Aliponiona jikoni alicheka, akaniita mama na kuniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana tumesogea." Nilipika toka alfajiri, na nilijivunia ua wetu ulivyojaa. Nani angeweza kutudharau na watu wote wale?

Afisa alikuwa kijana mwenye tai, mwenye adabu. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Aliuliza mshahara wangu, akalizunguka lori, akauliza mara ya mwisho lilitembea lini. Kisha akatazama uani, kwenye mikeka.

"Hawa wote ni wa hapa, mzee?"

Mume wangu alitanua kifua. "Wote wanakula hapa."

"Kila siku?"

"Mlango wangu haufungwi."

Kaka yake akasimama. "Andika, kijana. Huyu hayuko peke yake. Sisi tuko nyuma yake."

Kijana akaandika. Akala nyama ya mbuzi, akashukuru, tukamsindikiza hadi barabarani, shangazi wakipiga vigelegele. Siku hiyo nilimwona mume wangu akicheka, na nilimpenda tena kama zamani.

Tuliitwa benki wiki iliyofuata, mimi na yeye. Afisa aliongea kwa sauti ya chini, kwa kutuonea haya.

"Mzee, tumelikataa ombi. Mshahara wa mama na lori lililosimama haviwezi kuwalisha watu kumi na tisa na bado mkailipa benki. Wategemezi ni wengi mno."

"Wategemezi gani?"

"Wale uliosema wanakula kwako."

"Wale ndio watakaolipa!" mume wangu akasema. "Nikikwama mimi, wanauza ng'ombe!"

"Kwenye hesabu zetu mtu anayekula ni matumizi, mzee. Siwezi kumweka upande wa mapato."

Mume wangu alimkamata tai, akamvuta juu ya meza, akamgonga uso kwenye kioo cha meza. Damu ya pua ilitiririka juu ya karatasi. Askari wawili wa mlangoni wakaja na virungu, wakampiga mgongoni, wakampiga magotini, wakaendelea kumpiga akiwa ameshaanguka. Mimi nilimrukia mmoja nikamng'ata kidole, wala sioni haya kulisema. Walitutupa nje wote wawili, yeye wakampeleka kituo cha polisi. Alitoka kesho yake kwa kuwa yule afisa alikataa kufungua kesi. Nadhani alikumbuka mbuzi.

Ndugu walikuwa bado nyumbani, wanangoja habari. Mume wangu aliingia uani jicho moja limefumba. Kaka yake alimwendea amenyoosha mkono, akasema, "Pole, mdogo wangu. Tufanyeje sasa?"

Mpini wa jembe ulikuwa umeegemea ukutani. "Mmeniua ninyi!" mume wangu akapiga kelele. "Mmekuja kunila mpaka nyumba!" Akapiga. Mkono ule ule ulionyooshwa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko, watoto wakalia kwa pamoja. Akageukia sufuria ya uji, akaipiga teke, ikamwunguza shangazi mmoja miguu. Akatupa mabegi yao nje. Nilimshika kiuno kwa nyuma, akaniburuza uani kote. Na yule kaka, ambaye angeweza kumvunja shingo kwa mkono mmoja uliobaki, hakumgusa. Alisimama kijasho kikimtoka, akaniambia, "Mwache, mayu. Ameshatuhesabu." Nilimfunga mkono kwa kanga yangu, wakaondoka. Nilimchukia mume wangu siku hiyo. Nilimchukia yule kijana mwenye tai zaidi, kwa kuwa alikuwa amesema kweli na kweli yake ilikuwa imetuvunja.

Dalali wa mahakama alikuja miezi michache baadaye, na mnunuzi ndani ya gari na vijana wa kukodi wenye marungu. Mume wangu alisimama mlangoni na panga. Walimrushia jiwe likampata mdomoni, panga likamtoka, wakamwangukia wote. Vitanda vyetu vilikuwa vinatoka dirishani. Nilipiga mwano, ile kelele ya hatari ya Wasukuma niliyojifunza kwa wakwe zangu, ambayo kila anayeisikia analazimika kuja, na asiyekuja anatozwa faini.

Majirani walitoka, wakasimama kwenye mawe, wakaishia hapo. Kisha nikaona wakipisha njia. Alikuwa shemeji yangu, mkono kwenye plasta. Alikuwa amekaa Buswelu, upande wa pili wa mji, kwa wakwe zake muda wote ule akitibiwa mfupa uliokataa kuunga, na habari za mnada zilikuwa zimemfikia. Nilifurahi. Nilijua wale vijana wangemwogopa hata akiwa na mkono mmoja, na kwamba akitaja ng'ombe wa ukoo, dalali angesubiri.

Dalali aliuona ukubwa wake, akanyanyua mkono kuwazuia vijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ni wa nyumba hii?"

Mume wangu alikuwa kifudifudi, buti la mtu juu ya shingo yake. Akageuza uso uliojaa damu na mchanga. "Kaka," akasema. "Waambie. Waambie wewe ni nani kwangu."

Shemeji yangu alimtazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ningependa ningeiona.

"Hapana," akamwambia dalali. "Mimi nilikuwa nakula tu hapa."

Dalali akashusha mkono, na wale vijana wakaendelea pale walipoishia.