Macho Mekundu ya Mama

Ujinga nilioanza nao ni huu: niliwaambia wenzangu tulipokuwa tukioga ziwani kwamba mama yangu akimtazama kuku, yai linatoka limeshachemka. Macho yake ni mekundu kweli. Hapa Karungu, mwanamke aliyekausha samaki kwa moshi tangu usichana atakuwa na macho ya rangi gani? Wenzangu walicheka mpaka wakameza maji. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mbunge.

Wiki hiyohiyo mtoto wa mama mdogo, mke wa pili wa baba, akafa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mnene, hajajua hata kukaa, na alikuwa akiniona tu anacheka kabla sijasema kitu. Alinyonya, akalala, na asubuhi mama mdogo akamkuta amepoa. Sijui kumwandika bila mzaha, kwa hiyo naacha hapo.

Utani wangu ulifika matangani kabla yangu. Mama alipokuja na beseni la maji, ndugu za baba walimzuia mlangoni. Sihoho, walisema, jicho baya. Wanawake wazee wakamzika mtoto kando ya nyumba, na mama akabaki nje ya ua. Halafu wanaume wakakaa kuamua kama arudishwe kwao Ndhiwa.

"Mwanawe mwenyewe ndiye aliyesema," baba mkubwa akaanza. "Kama jicho lake linachemsha yai, mtoto ni nini?"

Nikasimama, nikasema ulikuwa mzaha tu.

"Kaa chini, mchekeshaji. Hata leo unataka tucheke?"

Miaka yote nimewadanganya wakaniamini; siku niliyosema kweli, wakakataa.

Aliyewanyamazisha ni mama mdogo. Alitoka ndani, maziwa yamelowesha gauni lake kifuani, akamwambia baba, "Nipeleke kwa sista wa dispensari. Juzi tu alimpima akasema ni mzima. Na kama kuna wa kulaumiwa, mimi ndiye niliyelala naye."

Wakaenda. Jioni baba alitueleza aliyoambiwa: kuna watoto wazima wanaokufa usingizini, hata kwa Wazungu, na madaktari bado hawajui kwa nini. Akizaliwa mwingine, alazwe mahali pake karibu na mama, asifunikwe uso, asirundikiwe mablanketi. Lakini huyu hakuna aliyemuua.

"Na huyo sista anajua sihoho?" baba mkubwa akauliza.

"Hajui. Wala wewe hujui kupima mtoto. Mke wangu mkubwa haendi popote."

Baba mkubwa akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Mama mdogo akaingia ndani, na tukamsikia akilia upya, kana kwamba mtoto amekufa mara nyingine.

Kesho yake nikamfuata mama, nikamwomba msamaha. Nilitamani anichape, tumalize. Alilichukua lile beseni, akamwaga maji. Kisha akasema:

"Siku alipozaliwa, mimi ndiye niliyemwogesha. Jana walinikataza kumwogesha."