Maji Yaliyolala Kwenye Mpira

Mwaka wa 1977, nikiwa na miaka ishirini na sita, kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kule Baba Dogo kilipunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Shule niliachia darasa la tatu. Cheti sikuwa nacho, hata cha ubatizo, lakini mikono nilikuwa nayo, na sijawahi kumwomba mtu chakula. Nilizunguka mpaka nikapata kazi ya usafi kwa daktari wa meno mwenye kliniki ndogo juu ya duka, kando ya Jogoo Road.

Daktari alikuwa amesomea ng'ambo na hakuwa na maringo. Alinionyesha kiti chake kama mtu anayeonyesha gari jipya. Mashine ya kutobolea jino ilirusha maji ili jino lisipate joto, na maji hayo yalipita kwenye mpira mwembamba. Akaniambia maji yakilala ndani ya mpira yanaota uchafu ambao jicho halioni. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, niyafungulie yatiririke kwenye bakuli la kutemea mate mpaka yale ya jana yaishe. Jumatatu niyaache zaidi.

Nilifanya hivyo kwa muda. Lakini mimi nilikuwa nalala Makongeni, chumba nilichopangishwa na dereva wa treni na mkewe. Bomba lilikuwa la watu wote, na likikauka kina mama walipanga ndoo tangu alfajiri. Aliyemwaga maji ya kusuuzia vyombo kabla hayajapiga deki alisemwa mpaka nyumba ya mwisho. Sasa nitoke huko, nije nisimame nikitazama maji safi yakienda mtaroni bure? Iliniuma. Nikaanza kupunguza, halafu nikaacha kabisa. Daktari akiuliza kama nimeyamwaga, nilijibu ndiyo. Sikuona kama ni uongo, niliona ni akili. Kuyakinga kwa ndoo nipigie deki, hilo halikunijia.

Mke wa dereva nilimwita shemeji, naye aliniita hivyo hivyo. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na jino lake la nyuma kabisa likaanza kumtesa. Aliogopa daktari, na ni mimi niliyembembeleza.

"Shemeji, huyo daktari wako anang'oa jino ama anang'oa kichwa?"

"Kichwa ni mpaka uombe."

Akacheka huku ameshika shavu.

Ilikuwa Jumatatu, naye ndiye mgonjwa wa kwanza. Jino lilikuwa limejificha ndani ya ufizi, ikabidi daktari akate mfupa kidogo kwa mashine, maji yakiruka moja kwa moja kwenye kidonda. Nilikuwa mlangoni na ufagio wangu, najiona mtu wa maana kwa kumleta.

Wiki haikuisha kabla taya halijavimba, uvimbe ukashuka shingoni, hata uji ukakataa kupita. Mumewe akamkimbiza hospitali, wakampasua chini ya kidevu kutoa usaha. Hatukujua kama atarudi nyumbani. Mumewe alikuwa akikaa kizingitini na yunifomu ya kazi, hanilaumu, ananiuliza tu kama nimekula. Afadhali angenipiga.

Daktari aliposikia, alichomoa ule mpira akaupasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na utelezi kama wa bamia. Akanigeukia.

"Unayamwaga kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, daktari."

Akaniamini. Akasema basi kosa ni lake, angebadilisha mipira mapema. Akaenda hospitali, akasimama kando ya kitanda na kumwomba shemeji msamaha. Alisema huenda ni maji, huenda ni sukari, hawezi kujua kwa hakika, lakini kiti ni chake. Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika chupa ya uji.

Shemeji alipona, akabaki na kovu na kutafuna upande mmoja. Mtaani maneno yakaenea, wagonjwa wakapungua, na mwishowe daktari akafunga kliniki. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwa mwenye jengo la jirani, akamwambia anipe chumba cha duka kwa sababu mimi ni mtu wa kuaminika. Nikapokea ufunguo. Nikafungua duka la mabomba.

Dereva alipostaafu wakawa wanahama, nikaenda kuwasaidia kufunga mizigo. Hapo ndipo nilipomwambia shemeji yote. Hakuacha kufunga glasi kwa magazeti.

"Nilijua una jambo," akasema. "Kila Krismasi unaniletea nyama isiyo na mfupa. Nikadhani unanicheka."

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi nilishapona. Yule uliyemwacha aniombe msamaha, yeye umemwambia?"

Nilipokwenda kumtafuta, ndugu yake aliniambia walishamzika.

Watu huniuliza nilivyopanda maishani. Nawajibu ni jasho, na jasho lilikuwepo, sitalikana. Lakini mlango wa kwanza nilifunguliwa kwa neno la mtu niliyemdanganya, na kila nilicho nacho kimepitia mlango huo. Nina duka la mabomba na matangi, lile lile. Nina jengo la vyumba vya kupangisha mtaa wa Kware. Nina pikapu, shamba la mahindi na mbaazi kwetu Ukambani, ng'ombe watatu, na nyumba ya mawe ninamoandikia haya.