Harusi ya Uongo na Mama Mkwe wa Kweli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nafunika uso kwa kitenge. Nilikuwa binti mshonaji hapa Mbugangari, tena nimeshachumbiwa. Mzee Kajuga, mwongozaji wa filamu za vichekesho aliyewavunja watu mbavu mji mzima kwa kamera yake moja ya kanda, aliniomba niigize bibi harusi. Nani angekataa?

Tukajipanga uani: wazee wa kuazima, ng'ombe wa kuazima, bwana harusi naye wa kuazima. Msemaji wao anaomba mke, msemaji wetu anabana, kama ilivyo desturi. Mara mama mkwe wangu wa kweli akapita akitoka sokoni Mahoko. Akaniona nakabidhiwa mwanamume mwingine! Akatua kapu la vitunguu, akamkamata bwana harusi tai.

"We! Huyu mutoto ni wetu! Mahari tulishatoa!"

Unadhani Kajuga alizima kamera? Thubutu! Alisogea karibu.

Mama mkwe alipoambiwa kuwa ile ni filamu, aibu ikageuka hasira. "Mukinionyesha kwa watu, posa imekufa."

Nililia sana, maana mwanawe nilimpenda kweli. Nikamsihi Kajuga aifute. Akasema, "Binti, mi sionyeshi mutu kama yeye mwenyewe hajajiona na kucheka. Ngoja kwanza."

Jumapili tukapanda Rugerero kwa mama mkwe, Kajuga na televisheni kichwani, mimi nyuma na deki na betri ya gari. Mama mkwe akatazama, mdomo kaubana. Kajuga akainama kutoa kanda, nami nikajua ndoa yangu imekwenda na maji.

"Unatoa nini? Rudisha pale navuta tai!"

Akacheka mpaka kilemba kikaanguka. "Bon, haya, muonyeshe watu. Lakini muanzie Mahoko, kule wananijua."

Kajuga alifanya kazi hivyo mpaka macho yalipomwishia. Ziko filamu nzuri alizozitupa kwa sababu mtu mmoja alinuna. Sasa hayupo, lakini vijana wanaotengeneza vichekesho kwa simu wanaiga harusi ile mpaka leo, na wapo wanaobisha hodi kwanza kama yeye.

Wewe je? Nasikia umemrekodi dereva wa pikipiki akianguka matopeni, na kidole kinakuwasha kuirusha video hiyo mtandaoni. Usiirushe kwanza, mwanangu. Mpelekee simu, kaa naye, ajitazame. Akicheka, cheka naye, kisha irushe. Akinuna, ifute umwombe radhi, hata kama hujawahi kupata kichekesho bora kuliko hicho. Mungu akujalie uichekeshe dunia nzima, na pasiwe na nyumba hata moja ambamo mtu analia kwa ajili yako.