Besi Aliyoingoja Bibi

Hivi karibuni nilipita Mwanjelwa kwa fundi redio, nikamkuta anabandika pete mpya ya mpira pembeni mwa spika ya besi. Harufu ya gundi ilinipanda puani, na kabla sijatoa salamu nilikuwa nimerudi uani kwetu Rujewa, mtoto wa darasa la tatu, siku dada yangu Neema alipoolewa.

Baba alikuwa na spika kubwa ndani ya sanduku la mninga alilolitengeneza mwenyewe. Watu wengi hutazama ile karatasi nyeusi ya katikati, wakaisahau pete laini inayoizunguka. Lakini pete hiyo ndiyo inayoiachia karatasi iende mbele na nyuma, na ndiyo inayoirudisha mahali pake. Ya kwetu ilikuwa ya sponji. Joto la bonde letu la Usangu liliila taratibu, hata harusi ilipokaribia ikawa inamomonyoka vidoleni kama andazi la juzi.

“Kigumu hakiozi,” Baba alisema. Akakata pete nyingine kwenye tyubu ya lori, akaibandika. Alipoijaribu, sauti ilitoka safi, bila mkwaruzo. Tulipiga makofi.

Kwetu, bibi mzaa baba ndiye anayemtoa bibi harusi ndani, akicheza mbele yake, mpaka kwa shangazi wa bwana harusi. Asipotoka, ameikataa ndoa, na hakuna wa kumbembeleza. Wakwe walikuwa wamefika tangu asubuhi kutoka Kalenga na kuketi chini ya turubai.

Wimbo ukaanza. Bibi alisimama mlangoni akiwa amemshika Neema mkono, macho ameyafumba, kama alivyozoea kabla ya kucheza. Hakusogea. Wimbo ukafika kiitikio, ukakipita. Vigelegele vikapungua, vikakoma.

“Mwe! Bibi amegoma?” mwanamke mmoja aliuliza.

Shangazi wa bwana harusi alikuwa amekunjua kitenge cha kumfunika Neema. Akakikunja tena, akakiweka begani. “Kama mwanenu bado mnamtaka, mngetuambia tungali Kalenga. Vumbi lote hili tumelila bure?”

Neema akaanza kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, nikamsikia akimnong'oneza Baba: “Sema, Baba Neema.”

“Nikisema wataondoka.”

“Kwani sasa wanafanya nini?”

Bibi akafumbua macho, akaziona nyuso za watu. Akauachia mkono wa Neema, akaenda moja kwa moja kwenye spika na kuweka kiganja juu ya karatasi. “Hii imekufa!” alipaza sauti. “Mnaniaibisha na kitu kilichokufa!”

Wimbo ulikuwa bado unalia, tena kwa nguvu.

Baba akashika kipaza sauti. “Wakwe zangu, mama yangu hasikii. Homa ilimpiga akiwa kijana, hajasikia tangu hapo. Tuliwaficha kwa sababu tuliogopa mtasema ni tatizo la ukoo. Yeye hucheza kwa kuisikia besi kifuani.”

Nilipigwa butwaa. Tangu nilipoachishwa ziwa nilikuwa nalala kitanda kimoja na Bibi, na sikujua.

Shangazi alimgeukia Bibi. “Huyu tuliyemwona anacheza kwenye kishika uchumba?” aliuliza. “Hasikii?”

“Hasikii.”

“Basi mimi nasikia, na kucheza sijui.” Akakishusha kitenge begani. “Mkwe, tengeneza hiyo spika. Tutangoja.”

Baba alichukua wembe akauchana ule mpira huku na huku, mpaka karatasi ikalegea. Spika ikaanza kukoroma vibaya mno, wenye masikio tukakunja nyuso. Lakini vumbi liliruka mbele ya sanduku. Bibi akarudi mlangoni, akafumba macho. Bega la kulia likaanza, miguu ikafuata, na Neema akatoka nyuma yake huku akijifuta machozi.

Baadaye nilijifunza mwenyewe kilichotokea. Sauti nyembamba hutaka karatasi itikisike kidogo tu. Besi hutaka isafiri. Mpira mgumu wa Baba uliziruhusu sauti zote ambazo sisi tulizisikia, ukaizuia ile moja aliyoitegemea Bibi. Hilo nililielewa upesi.

Lililonichukua miaka ni jingine. Kila nilipomsimulia Bibi mambo ya shule, alinishika mashavu kwa viganja viwili na kuugeuza uso wangu mbele ya wake mpaka nimalize. Nilidhani ni mapenzi. Baada ya siku ile nilijua kwamba alikuwa anasoma midomo yangu, na kwa muda mrefu nilijiona kama mtu aliyedanganywa. Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, nikiwajibu bila hata kuinua macho, ndipo nilipoelewa jinsi Bibi alivyonisikiliza.